Je, Wajua? Mkopo wa Nyumba, Kuanzia Kihonda Hadi Mgeta

Je, wajua kwamba mkopo wa nyumba wa shilingi milioni 50 unaweza kukutoa shilingi milioni 203 kabla haujaisha? Si utapeli na si ulanguzi. Ni hesabu halali, iliyosainiwa na pande zote mbili. Tutaifikia hapo chini, lakini kwanza tuanze na ardhi.

Je, wajua kwamba benki ikikukopesha ununue nyumba Kihonda, hapa Morogoro, haichukui ardhi yenyewe kuwa rehani? Haiwezi. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachowekwa rehani ni haki yako ya kuitumia, iliyoandikwa kwenye hati miliki kwa miaka 33, 66 au 99. Hati iliyobakiza miaka kumi haina uzito sawa na iliyobakiza themanini, hata kama nyumba zenyewe zimefanana kuanzia msingi hadi bati.

Je, wajua kwamba zamani haikuwa hivyo? Wajerumani waliwapa walowezi ardhi ya kumiliki moja kwa moja, bila kikomo cha miaka. Umiliki wa namna hiyo ulifutwa kwa sheria ya mwaka 1963, ukawa ukodishaji kutoka serikalini, na mwaka 1969 ukodishaji huo nao ukageuzwa kuwa hakimiliki tunayoijua leo.

Je, wajua kwamba nchi hii iliwahi kuwa na benki maalumu ya nyumba? Benki ya Nyumba Tanzania, ambayo wazee wetu waliiita THB tu, ilianza mwaka 1973 na ikafa mwaka 1995. Ilipoondoka ikaacha pengo refu. Mtu wa Mafiga au Kilakala aliyetaka kujenga alibaki na mshahara wake, upatu na fundi anayekubali kulipwa kidogo kidogo. Ndiyo maana hadi leo watu wengi wenye nyumba mjini Morogoro hawajawahi kuona mkataba wa rehani kwa macho yao.

Je, wajua kwamba mikopo yote ya nyumba ya mabenki yote ya Tanzania, ukiijumlisha, haifiki asilimia 1 ya pato la taifa? Msidhani jirani zetu wametupita mbali. Kenya, yenye watu zaidi ya milioni 50, ilikuwa na akaunti za mikopo ya nyumba takribani 30,000 tu mwishoni mwa mwaka 2023.

Je, wajua kwamba kuna kampuni ya mikopo ya nyumba ambayo wewe huwezi kukopa kwake? Inaitwa TMRC. Iliundwa mwaka 2010, na wanahisa wake wakubwa ni mabenki yenyewe. Kazi yake ni kuyapa mabenki fedha za muda mrefu. Sababu ni rahisi: benki inapokea amana ambazo wenyewe wanaweza kuzitoa kesho asubuhi, halafu inatakiwa imkopeshe mtu kwa miaka 20. Bila mahali pa kupata fedha zinazokaa, benki ingeogopa. Kenya nao wameunda ya kwao, KMRC, iliyopewa leseni na Benki Kuu yao mwaka 2020.

Sasa hesabu.

Je, wajua kwamba kurefusha mkopo kunapunguza rejesho kidogo sana kuliko watu wanavyofikiri? Tuchukue milioni 50 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, inayokokotolewa kwenye deni lililobaki. Kwa mfano tu, maana riba za mikopo ya nyumba nchini zimekuwa mara nyingi kati ya asilimia 13 na 19. Ukilipa kwa miaka 10, rejesho la mwezi ni kama shilingi 838,000 na jumla utakayotoa ni milioni 100 na nusu. Kwa miaka 15, rejesho linashuka hadi 734,000, jumla inapanda hadi milioni 132. Kwa miaka 25, rejesho ni 679,000. Angalia vizuri: umeongeza miaka kumi mizima ili upunguziwe shilingi 55,000 kwa mwezi, na kwa unafuu huo jumla imeruka kutoka milioni 132 hadi milioni 203 na ushee. Milioni zaidi ya 70 zimelipwa kwa kitu ambacho hakikuongeza hata chumba kimoja.

Kuna msomaji atakayesema shilingi ya mwaka wa 25 haitakuwa na thamani ya shilingi ya leo. Kweli. Lakini mfumuko wa bei hapa nchini, kwa miaka ya karibuni, umekaa jirani na asilimia 3 hadi 4. Riba ya 16 inaukimbia mfumuko huo kwa mbali.

Je, wajua kwamba katika mkopo ule wa miaka 15, rejesho la kwanza la shilingi 734,000 linapunguza deni kwa shilingi 68,000 hivi tu? Zilizobaki, karibu 667,000, ni riba. Ukimaliza mwaka mzima umeshalipa milioni 8.8, na deni limepungua kwa chini ya milioni moja. Watu wakiona taarifa yao ya mwaka wa kwanza hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa, riba hukokotolewa kwenye deni, na mwanzoni deni ndilo kubwa. Kwa sababu hiyohiyo, fedha ya ziada ukiipeleka mapema, iwe ya mavuno, ya posho au ya kiinua mgongo, inakata mzizi wa riba kuliko ukiipeleka miaka ya mwisho. Uliza kwanza kama mkataba una faini ya kulipa kabla ya wakati. Baadhi ya mikataba inayo.

Je, wajua kwamba asilimia 10 inaweza kuwa sawa na asilimia 16? Hapa ndipo wengi wanapopotea wanapolinganisha mikopo. Kuna riba inayokokotolewa kwenye deni lililobaki, na kuna riba inayokokotolewa kwenye mkopo wote wa mwanzo, mwaka hadi mwaka, hata pale ambapo umeshalipa nusu. Chukua milioni 50 kwa miaka 10. Kwa njia ya pili, asilimia 10 kwa mwaka ni milioni 5 kila mwaka, jumla milioni 50 za riba, na rejesho ni 833,000 kwa mwezi. Rudi juu uangalie rejesho la asilimia 16 kwa njia ya kwanza: 838,000. Tofauti ni nauli ya bodaboda. Bango moja linasema 10, jingine linasema 16, na mfuko wako hautaona tofauti. Kama bango linasema 16 na ni kwa njia ya pili, rejesho linakuwa 1,083,000. Kwa hiyo swali la kwanza dirishani lisiwe "riba ni ngapi?" Liwe "riba inahesabiwa kwenye nini?"

Je, wajua kwamba riba isiyobadilika na riba inayobadilika ni bidhaa mbili, hata kama siku ya kwanza zina namba moja? Inayobadilika hufuata hali ya soko. Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikitangaza riba yake elekezi, iliyoanza na asilimia 5.5. Usitazamie kwamba ikishuka leo rejesho lako litashuka kesho. Lakini soma kifungu kinachosema benki inaweza kubadili riba lini na kwa taarifa ya muda gani.

Je, wajua kwamba Marekani mtu wa kawaida hupata riba isiyobadilika kwa miaka 30? Mtanzania aliyeko Houston akikupigia simu kukushauri kuhusu mikopo ya nyumba, kumbuka anaishi chini ya mfumo uliojengwa na serikali tangu mwaka 1934, ilipoundwa FHA, taasisi inayoikinga benki pale mkopaji anaposhindwa. Kwa mpango huo mtu huweza kuanza na asilimia 3.5 ya bei. Askari waliostaafu wana mpango wao tangu 1944, usiowataka watangulize chochote, na upo mwingine wa vijijini. Hapa kwetu mkopaji huombwa atoe kwanza sehemu ya bei kutoka mfukoni, na sehemu hiyo hupishana sana kati ya benki na benki. Ushauri wa huyo wa Houston ni mzuri, ila si wa Morogoro.

Je, wajua kwamba mkopo wa nyumba si wa kununua nyumba tu? Kuna wa kujenga, ambao benki hutoa kwa awamu: msingi ukikaguliwa, zinatoka fedha za kuta, lenta ikikaguliwa, zinatoka za kupaua. Kuna wa kumalizia au kukarabati. Kuna wa kukopa kwa nyumba uliyo nayo tayari, ukazitumie fedha kwenye shughuli nyingine. Na kuna wa kuhamisha deni kutoka benki moja kwenda nyingine yenye masharti nafuu. Huo wa mwisho huvutia, lakini una gharama zake upya: mthamini, usajili wa rehani, bima. Zijumlishe kabla ya kuhama.

Je, wajua kwamba nyumba nyingi za watumishi wa umma mjini hapa zilijengwa kwa mkopo ambao kisheria si wa nyumba? Mwalimu au mhadhiri wa SUA au Mzumbe huchukua mkopo wa mshahara, unaokatwa moja kwa moja kwenye malipo yake, akanunua kiwanja Lukobe. Akimaliza huo, huchukua wa pili akajenga hadi lenta. Wa tatu unapaua. Mkopo wa namna hii haudai hati, na akishindwa kulipa, nyumba haiko rehani. Kikwazo chake ni ukubwa: makato yote hayaruhusiwi kumwacha mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Lakini angalia hesabu. Milioni 20 kwa miaka 7, kwa riba ileile ya 16 kwenye salio, inarudi milioni 33 na kidogo. Kwa kila shilingi uliyokopa unarudisha shilingi moja na senti 67. Kwenye ule wa miaka 25 unarudisha nne na zaidi. Mimi binafsi, kwa mtu mwenye uvumilivu na fundi mwaminifu, naona njia hii ya vipande haistahili dharau inayopewa na wataalamu wa fedha. Ubaya wake halisi ni mwingine: unajenga huku unalipa kodi ya pango, na matofali yaliyokaa mvua tatu bila kuezekwa hayabaki yalivyokuwa.

Je, wajua kwamba SACCOS nyingi hukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako? Kwa kumalizia nyumba inatosha. Kwa kuanza, mara nyingi haitoshi.

Je, wajua kwamba kuna nyumba za kulipia taratibu hapahapa mjini, Mkundi? Taasisi iliyoanza kama Watumishi Housing Company, sasa Watumishi Housing Investments, ilijenga hapo nyumba kwa ajili ya watumishi wa umma. Kuna pia mfumo wa mpangaji mnunuzi, unaofanana na mkopo lakini si mkopo: unakaa, unalipa kila mwezi, na nyumba inahamia jina lako ukimaliza. Kwenye mkopo wa benki nyumba ni yako tangu siku ya kwanza, benki imeishikia hati tu. Ukiyumba katikati, tofauti hiyo ndiyo itakayoamua kinachobaki mkononi mwako. Uliza mapema: nikiacha mwaka wa nane, nilivyolipa vinakwenda wapi?

Je, wajua kwamba asiyetaka riba ana njia zake? Amana Bank ilianza mwaka 2011 ikiwa benki ya kwanza nchini kufuata sharia kikamilifu, na mabenki mengine kadhaa yana madirisha ya namna hiyo. Katika murabaha, benki hununua nyumba kisha hukuuzia kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, nawe unalipa kwa awamu. Bei hiyo haipandi soko likichafuka. Katika musharaka inayopungua, mnanunua kwa ubia: unalipa pango kwa sehemu ya benki huku ukiinunua sehemu hiyo kidogo kidogo hadi iishe. Isifikiriwe kuwa ni rahisi zaidi kwa sababu haina riba. Jumlisha malipo yote kama ulivyojumlisha ya wengine.

Je, wajua kwamba karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa si hati miliki? Inathibitisha kwamba mlikubaliana. Benki inataka hati, na hati inataka kiwanja kilichopangwa na kupimwa. Barua ya toleo ni hatua ya njiani tu.

Je, wajua kwamba nyumba iliyo jirani mno na mto huweza kukosa thamani ya rehani hata kama ni ya kifahari? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mji wetu umekatwa na mito inayoshuka Uluguru, na viwanja vya karibu na maji ndivyo vinavyopendwa. Pima kwa futi kamba kabla ya kulipa.

Tupande mlimani kidogo.

Je, wajua kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya nchi hii, takribani asilimia 70, ni ya vijiji, na ile ya kawaida ambayo mabenki huipenda ni kama asilimia 2 tu? Mkulima wa viazi na mboga wa Mgeta, au wa ndizi na viungo wa Kinole, yuko upande wa ile 70. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamruhusu kupata hati ya hakimiliki ya kimila na kuiweka rehani. Kwa karatasi, ni sawa. Lakini benki huwaza siku ya kuuza: nani atanunua shamba la mteremkoni, ambalo mgeni hawezi kuhamishiwa bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji? Mkoani kwetu, wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa za majaribio katika mpango mkubwa wa kupima vijiji na kutoa hati hizo. Hati zilitoka. Mikopo haikufuata kwa kasi hiyohiyo.

Halafu kuna ukoo. Waluguru hufuata uzao wa mama, na ardhi ya ukoo hupita upande huo. Mwanamume anaweza kujenga nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, akaishi humo miaka thelathini, na bado asiwe na neno la mwisho juu ya kiwanja. Nyumba ni jasho lake. Udongo ni wa akina mama mkwe na kaka zao. Roland Young na Henry Fosbrooke waliandika kitabu kizima juu ya ardhi na siasa za Waluguru, kilichotoka mwaka 1960, na mengi ya msingi hayajabadilika kiasi cha kumfurahisha afisa mikopo. Wenye ukoo hawaoni tatizo hapo. Kwao, ardhi isiyowezekana kuuzwa na mtu mmoja ndiyo iliyo salama. Ukitazama hesabu ya miaka 25 hapo juu, unaelewa kwa nini hawana haraka. Watu hawa mwaka 1955 waliandamana Matombo kupinga amri ya mkoloni ya kulima matuta ya ngazi, hadi damu ikamwagika. Si ajabu mtu akipanda na vifaa vya kupimia aulizwe maswali.

Na kama unafikiria kusogea juu zaidi, msitu wa Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008. Huko hakuna kiwanja, hakuna hati, hakuna mkopo.

Je, wajua kwamba mume hawezi kuiweka rehani nyumba ya ndoa kimyakimya? Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ardhi kinataka mwenza asaini au atoe ridhaa, hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kudanganya benki kwamba hujaoa au hujaolewa ni kosa la jinai. Sheria hii imewaokoa wanawake wengi, na wanaume wachache ambao huwa hawasemi.

Je, wajua kwamba benki haiwezi kuja na dalali kesho yake ukikosa rejesho? Ni lazima ikupe taarifa rasmi, na kwa marekebisho yaliyoletwa na sheria ya rehani ya mwaka 2008 una siku 60 za kurekebisha. Hadi nyumba inapouzwa, bado una haki ya kulipa deni na kuikomboa. Ikiuzwa kwa bei iliyo chini kwa asilimia 25 au zaidi ya bei ya soko ya nyumba za aina hiyo, sheria inaanza kwa kudhani kwamba muuzaji hakutimiza wajibu wake, na ni juu yake kujitetea. Siku 60 ni chache, lakini zinatosha kumwona meneja na kuomba mkopo upangwe upya. Wanaopoteza nyumba aghalabu ni waliozima simu.

Je, wajua kwamba mkopo wa nyumba huja na bima mbili, ya jengo na ya maisha ya mkopaji? Mkopaji akifariki, bima ya maisha ndiyo inayomaliza deni. Familia nyingi hazijui kama ipo. Nakala ya cheti cha bima ikae nyumbani, na mtu mwingine mzima ajue ilipo.

Ukiingia benki yoyote mjini Morogoro mwezi huu, usitoke na kipeperushi peke yake. Omba jedwali la marejesho lililochapishwa, la mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, kwa mkopo wako na miaka yako. Nenda benki ya pili, halafu ya tatu, omba lilelile kwa kiasi kilekile na miaka ileile. Yaweke yote mezani, wewe na mwenza wako, na mlinganishe jumla ya malipo iliyo chini ya kila jedwali kabla hamjasaini chochote. Benki inayokataa kukupa jedwali hilo, iage kwa heshima.